Bernard Shaw na Bei ya Matamshi: Maisha ya Mtunzi wa Pygmalion

1.0 Utangulizi

Ni nadra mwanaisimu kuingizwa katika tamthilia, na ni nadra zaidi awe mhusika mkuu wa mchezo wa kuchekesha. Profesa Henry Higgins, mtaalamu wa fonetiki katika tamthilia iitwayo Pygmalion, ni mmoja wa hao wachache. Aliyembuni hakuwa mwanaisimu. Alikuwa George Bernard Shaw (1856-1950), mzaliwa wa Dublin nchini Ireland, aliyeishi Uingereza kwa zaidi ya miaka 70. Tamthilia hiyo aliiandika mwaka 1912, ikaonyeshwa jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1913, na mwaka 1938 ikageuzwa kuwa filamu ya Kiingereza ambayo hadi leo huhesabiwa miongoni mwa futuhi bora za sinema ya zamani ya nchi hiyo.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtunzi huyo kwa jicho la isimujamii. Hoja yake ni kwamba Shaw alitambua, mapema kuliko wengi wa wakati wake, kuwa matamshi hayana bei yake yenyewe. Bei hupangwa na cheo cha anayetamka pamoja na masikio ya anayesikiliza. Aidha, makala yanajaribu kuonyesha kwamba Shaw mwenyewe hakuifuata hoja hiyo hadi mwisho wake, na kwamba pale alipoiachia ndipo hasa wanafunzi wa Kiswahili wanapopaswa kuipokea.

Suala hili si la Waingereza peke yao. Tuchukue mfano wa mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002. Mjini humo na katika vijiji vinavyouzunguka husikika Kiiraqw na Kigorwaa, ambazo ni lugha za Kikushi. Kidatooga, ambayo ni lugha ya Kiniloti. Na Kirangi na Kimbugwe, ambazo ni lugha za Kibantu. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wasemaji wa lugha hizo sokoni, shuleni, zahanati na mahakamani, na kila mmoja hukijia kwa lafudhi ya nyumbani kwao. Kila anayesikiliza naye huwa amekwisha kumpima msemaji kabla sentensi ya kwanza haijamalizika. Huo ndio upimaji ambao Shaw aliutungia mchezo.

2.0 Dublin: Nyumba ya Sauti

Shaw alizaliwa tarehe 26 Julai 1856 katika familia ya Waprotestanti waliokuwa na majivuno ya ukoo lakini hawakuwa na mali. Baba yake, George Carr Shaw, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka ambaye biashara yake ilidhoofika huku ulevi wake ukizidi. Mama yake, Lucinda Elizabeth Gurly, alikuwa mwimbaji. Alifundishwa na mwalimu wa muziki aliyeitwa George John Vandeleur Lee, ambaye baadaye alihamia na kuishi katika nyumba moja na familia hiyo. Lee alikuwa na mbinu yake mwenyewe ya kufunza sauti, na aliiamini kama mganga anavyoiamini dawa yake.

Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika nyumba ambamo sauti ya binadamu ilitazamwa kama ala inayoweza kufunguliwa, kurekebishwa na kufanyiwa mazoezi kila siku. Mtu atafutaye asili ya Profesa Higgins anaweza kuanzia hapo, kabla hajafika kwa wanafonetiki wa Oxford.

Shule hakuipenda na aliiacha akiwa na umri wa miaka 15. Aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya wakala wa ardhi mjini Dublin, akapanda hadi kuwa mtunza fedha. Mwaka 1873 mama yake alihamia London, alikokuwa ametangulia Lee, naye kijana akabaki na baba yake. Mwaka 1876, akiwa hajatimiza miaka 20, aliacha kazi yake na kumfuata mama yake. Alifika London akiwa na lafudhi ya Dublin, bila shahada na bila fedha. Katika mji ambao Mwayalandi alikuwa kitu cha kuchekwa, alianza maisha yake ya utu uzima upande wa wanaopimwa.

3.0 London: Miaka ya Kukataliwa

Kati ya mwaka 1879 na 1883 Shaw aliandika riwaya tano, na zote zilikataliwa na wachapishaji wa London. Aliishi kwa kumtegemea mama yake, ambaye alikuwa akifundisha muziki, na mchana alishinda katika chumba cha kusomea cha British Museum. Humo alisoma kila alichoweza kukishika, ikiwa ni pamoja na kitabu cha Karl Marx juu ya mtaji, alichokisoma kwa tafsiri ya Kifaransa. Mwaka 1884 alijiunga na chama cha Fabian, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka huohuo na wasomi walioamini ujamaa wa kujengwa hatua kwa hatua bila mapinduzi.

Jambo moja la miaka hiyo lina uzito wa pekee kwetu. Shaw alikuwa mtu mwenye haya, aliyetetemeka aliposimama mbele ya watu. Alijitibu kwa kuhudhuria vyama vya midahalo na kujilazimisha kuzungumza katika kila mkutano, kisha akahamia kwenye kona za mitaa na viwanja vya mikutano ya hadhara, mpaka akawa mmoja wa wazungumzaji waliotafutwa sana mjini. Alijifunza kuongea kama mtu ajifunzavyo ufundi. Hata hivyo, hakuitupa lafudhi ya Dublin. Aliinoa ikawa silaha, akabaki nayo mpaka kufa. Eliza, msichana wa tamthilia yake, alitakiwa abadili sauti ili apate nafasi. Mtunzi wake alipata nafasi bila kuibadili. Tofauti hii haikuwa ya bahati tu: mwanamume mwandishi, mwenye hoja na gazeti la kuziandikia, huvumiliwa lafudhi ambayo mwuza maua hawezi kuvumiliwa.

Riziki yake ilitoka kwanza katika uandishi wa magazeti. Alikuwa mhakiki wa muziki, na kuanzia mwaka 1895 hadi 1898 mhakiki wa michezo ya kuigiza katika gazeti la Saturday Review. Tamthilia yake ya kwanza, Widowers' Houses, ilionyeshwa mwaka 1892. Ilihusu wenye nyumba wanaonenepa kwa kodi za mafukara. Mwaka 1898 alimwoa Charlotte Payne-Townshend, mwanamke wa Ireland mwenye mali na Mfabian mwenzake, na mwaka 1906 walihamia katika kijiji cha Ayot St Lawrence, alikoishi mpaka mwisho wa maisha yake. Kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kutunga Man and Superman na Major Barbara, na jina lake lilijulikana Ulaya nzima.

4.0 Pygmalion Jukwaani

Jina la tamthilia limetoka katika ngano za Kiyunani. Pygmalion alikuwa mchongaji wa kisiwa cha Cyprus aliyechonga sanamu ya mwanamke, akaipenda, na mungu wa kike wa mapenzi akaitia uhai. Shaw alimfanya mchongaji kuwa mwanafonetiki na jiwe akalifanya msichana maskini.

Usiku mmoja wa mvua, watu wa matabaka mbalimbali wanajibanza barazani pa kanisa katika eneo la Covent Garden, London. Mwanamume mmoja ananakili katika daftari kila neno analotamka msichana mwuza maua aitwaye Eliza Doolittle. Mwanamume huyo, Higgins, anaweza kutambua mtaa wa mtu kwa kumsikia tu. Anajigamba mbele ya Kanali Pickering, mtaalamu wa lugha za India, kwamba kwa miezi michache anaweza kumfundisha msichana huyo hadi adhaniwe kuwa mwanamke wa ukoo bora. Kesho yake Eliza anakuja mwenyewe kuomba afundishwe na yuko tayari kulipa, kwa kuwa anataka kuajiriwa katika duka la maua ambako hawamkubali kwa sababu ya usemi wake. Wanaume wawili wanawekeana dau. Jaribio linafaulu. Baada ya kufaulu, Eliza anauliza afanye nini sasa, maana kuuza maua barabarani hawezi tena na mali ya kuishi kama mwanamke wa tabaka la juu hana. Higgins hana jibu, kwa sababu hakuwahi kulifikiria swali hilo.

Mwanaisimu atavutwa zaidi na tukio la katikati, Eliza anapopelekwa sebuleni kwa mama yake Higgins ili ajaribiwe. Anatamka kila irabu kwa usahihi kamili. Lakini maneno anayoyatamka ni habari za mtaani kwao: shangazi aliyekufa katika hali ya kutiliwa shaka, na pombe aliyokuwa akimiminiwa kooni. Kicheko kinatokana na pengo baina ya umbo la sauti na desturi ya mazungumzo. Zaidi ya nusu karne baadaye wanaisimujamii, wakiongozwa na Dell Hymes, walilipa pengo hilo jina walipozungumzia umilisi wa mawasiliano. Kwetu si jambo geni. Mgeni anaweza kuyatamka maneno yote ya Kiswahili vizuri, lakini akimwendea mzee na kuanza na shida yake bila shikamoo na bila kumjulia hali, wote waliopo watajua kwamba lugha bado hajaipata.

Shaw hakumbuni Higgins kutoka hewani. Alimfahamu Henry Sweet, mwanafonetiki wa Oxford aliyefariki mwaka 1912, mtu mwenye elimu kubwa na hasira kubwa ambaye chuo chake hakikumpa cheo alichostahili. Shaw mwenyewe alikuwa akiandika tamthilia zake kwa hati mkato ya Pitman, ambayo msingi wake ni sauti, na alichukizwa maisha yake yote na tahajia ya Kiingereza.

Onyesho la kwanza lilifanyika Vienna tarehe 16 Oktoba 1913, kwa tafsiri ya Kijerumani. London iliuona mchezo tarehe 11 Aprili 1914. Mwigizaji mashuhuri Mrs Patrick Campbell, aliyekuwa na umri wa miaka 49, aliigiza msichana huyo, na Herbert Beerbohm Tree akawa Higgins. Magazeti yalishughulika zaidi na tusi moja dogo analolitamka Eliza kwa lafudhi safi ya kitajiri. Naye Tree alipindisha mwisho wa mchezo ili watazamaji waondoke wakiamini kwamba mwalimu na mwanafunzi wataoana. Shaw alikasirika. Mwaka 1916 aliichapisha tamthilia pamoja na maelezo marefu ya kuthibitisha kwamba Eliza aliolewa na Freddy, kijana mwingine, akafungua duka lake la maua. Kwa Shaw hili lilikuwa suala la msingi: aliyepata sauti amepata pia haki ya kuondoka.

5.0 Kamati Mbili za Mwaka 1930

Vita Kuu ya Kwanza ilimpokonya Shaw marafiki wengi, kwa kuwa aliandika kijitabu cha kuishutumu serikali ya Uingereza sawasawa na ya Ujerumani. Heshima ilirudi baada ya tamthilia yake Saint Joan ya mwaka 1923. Alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1925, na fedha zake alizielekeza katika kutafsiri fasihi ya Uswidi kwa Kiingereza.

Wakati huo chombo kipya, redio, kilikuwa kimeanza kuingiza sauti moja katika kila nyumba ya Uingereza. Mwaka 1926 BBC iliunda kamati ya kuwashauri watangazaji juu ya matamshi, ikiongozwa na mshairi Robert Bridges. Shaw alikuwa mjumbe, na Bridges alipofariki mwaka 1930, yeye akawa mwenyekiti hadi mwaka 1937. Hivyo Mwayalandi asiyeacha lafudhi yake akawa mkuu wa baraza la kuamua Waingereza wasikieje Kiingereza. Hakuuficha mkanganyo huo. Katika sahani za santuri alizorekodi mwaka 1927 kwa ajili ya wanaojifunza lugha, aliwaeleza wasikilizaji kwamba hakuna Kiingereza kimoja kilicho sahihi kabisa, na kwamba yeye mwenyewe hazungumzi namna moja nyumbani na jukwaani.

Kwa msomaji wa Kiswahili mwaka 1930 una maana nyingine. Tarehe 1 Januari mwaka huo ndipo Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ikifuata uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964. Kamati hizi mbili hazikuwa mbali kama ramani inavyoonyesha. Katibu wa kamati ya BBC, Arthur Lloyd James, alikuwa mwanafonetiki wa Shule ya Taaluma za Mashariki mjini London, shule ileile alimofundisha Alice Werner, profesa wa kwanza wa Kiswahili na lugha za Kibantu shuleni hapo. Imani ya kwamba lugha inaweza kunyooshwa na wataalamu wachache mezani ilikuwa hewa iliyovutwa katika majengo hayo.

Hata hivyo, zilitofautiana katika jambo ambalo lingemshangaza Higgins. Kule Uingereza, matamshi yaliyopewa hadhi yalikuwa ya wenye nguvu. Hapa kwetu, Kiunguja kilichochaguliwa hakikuwa lugha ya nyumbani ya watawala waliokichagua, na katika miaka ya mwanzo wenye lugha hawakuwa wajumbe wa kamati. Kadhalika, walowezi wengi wa Kenya walizungumza na watumishi wao kile kilichokuja kuitwa Kisetla, Kiswahili kisicho na upatanisho wa sarufi, chenye vitenzi vya amri tupu. Bwana huyo hakufungiwa mlango wa duka lolote kwa sababu ya usemi wake, na mtumishi aliyekuwa akisema Kiswahili safi ndiye aliyelazimika kuuelewa usemi uliovunjika na kuutii. Basi kama Shaw angekuwa na haja ya ushahidi kwamba si usafi wa matamshi unaomfanya mtu awe bwana, angeupata Nairobi kwa urahisi kuliko Covent Garden.

6.0 Filamu ya Mwaka 1938

Shaw aliipenda sinema lakini hakuwaamini wenye sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliruhusu tamthilia zake mbili fupi na ndefu, How He Lied to Her Husband na Arms and the Man, zifanywe filamu nchini Uingereza kwa sharti la kutogusa maneno yake, nazo zikafa kwa uzito wa maneno hayo. Pygmalion ilifanywa filamu Ujerumani mwaka 1935 na Uholanzi mwaka 1937, na zote mbili zilimchukiza.

Ndipo alipotokea Gabriel Pascal, mtengenezaji filamu kutoka Hungaria ambaye hakuwa na mtaji ila alikuwa na maneno matamu na heshima ya kweli kwa kazi ya mzee huyo. Shaw alimpa haki ambazo wakubwa wa Hollywood walikuwa wamenyimwa. Filamu iliongozwa na Anthony Asquith pamoja na Leslie Howard, ambaye pia aliigiza Higgins. Wendy Hiller aliigiza Eliza, na aliyeunganisha picha ni David Lean, kijana aliyekuja kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa nchi hiyo.

Safari hii mtunzi alikubali kwamba sinema ina sarufi yake. Alitunga matukio mapya, likiwamo la dansi kwa balozi, ambalo jukwaani halikuonyeshwa. Humo mwanafunzi wa zamani wa Higgins, mkalimani anayejigamba kwamba hakuna tapeli anayeweza kumpita, anamchunguza Eliza na kutangaza kwamba lazima awe binti wa kifalme kutoka Hungaria, kwa kuwa Kiingereza chake ni safi mno kuwa cha Mwingereza. Hoja ya kiisimu iliyomo katika mzaha huo ni nzito. Msemaji mzawa hujulikana kwa uzembe wake; anayesema kila kitu kwa usahihi amejifichua kuwa amefundishwa. Mwanafunzi wa Babati aliyekariri Kiswahili cha vitabu, akashuka kituo cha mabasi Dar es Salaam na kuzungumza kama kamusi, atauelewa mzaha huo bila kufafanuliwa.

Kamera ilifanya pia jambo ambalo jukwaa halikuliweza. Ilionyesha mazoezi yenyewe: kinywa, mashine za kurekodi, usiku usio na usingizi, na uso wa msichana anayerudia silabi ileile mpaka machozi. Mtazamaji anayecheka anaanza kuona kwamba kinachofanyiwa kazi ni mwili wa mtu.

Mwisho wa filamu haukuwa wa Shaw. Yeye alikuwa ameandika mwisho unaomweka Eliza na Freddy dukani kwao. Watengenezaji waliuacha, wakapiga picha za Eliza akirudi katika chumba cha Higgins, naye Higgins, akiwa amempa kisogo, anauliza viko wapi viatu vyake vya ndani. Mzee alipoonyeshwa filamu, kazi ilikuwa imekwisha. Mapema mwaka 1939 yeye na waandishi wenzake watatu walipewa Tuzo ya Oscar kwa mswada wa filamu hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 82, na aliipokea habari hiyo kwa kejeli. Kwa miaka mingi alibaki mtu pekee aliyepata Nobel na Oscar, mpaka Bob Dylan alipotunukiwa Nobel mwaka 2016. Baada ya kifo cha Shaw hadithi hiyohiyo iligeuzwa kuwa mchezo wa nyimbo, My Fair Lady, mjini New York mwaka 1956, na filamu ya jina hilo mwaka 1964. Zote zilifuata mwisho ambao mtunzi aliukataa.

7.0 Uzee, Lawama na Wosia

Haitakuwa haki kumsifu mtu huyu bila kutaja upande wa pili. Mwaka 1931 alizuru Umoja wa Kisovieti, akapokewa na Stalin, na aliporudi alikanusha hadharani habari za njaa iliyokuwa ikiua mamilioni ya watu. Aliwahi pia kuwasifu madikteta wengine wa Ulaya, na aliunga mkono mawazo ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua wanaostahili kuzaa. Mtu aliyeona wazi ukatili uliomo katika kumpima mwuza maua kwa irabu zake, hakuona ukatili uliomo katika kuwapima binadamu kwa manufaa yao kwa dola. Makosa haya hayakuwa mbali na kipaji chake. Kama Higgins, aliwapenda watu zaidi walipokuwa mradi.

Charlotte alifariki mwaka 1943. Septemba 1950, akiwa na umri wa miaka 94, Shaw alianguka bustanini alipokuwa akipogoa mti, akavunjika, na tarehe 2 Novemba akafariki nyumbani kwake. Majivu yake yalichanganywa na ya mkewe na kutawanywa katika bustani hiyo.

Wosia wake uliwashangaza wengi. Sehemu ya mali yake aliitenga kwa ajili ya kubuni alfabeti mpya ya Kiingereza yenye herufi zisizopungua 40, ili kila sauti iwe na alama yake na tamthilia yake Androcles and the Lion ichapishwe kwa alfabeti hiyo. Mwaka 1957 mahakama iliamua kwamba sharti hilo halina nguvu kisheria, na warithi wengine, ambao ni British Museum, chuo cha uigizaji cha London na jumba la sanaa la taifa la Ireland, wakakubali kutoa fungu dogo ili mashindano yafanyike. Washindi wanne waligawana zawadi, na mmoja wao, Kingsley Read, akaikamilisha alfabeti yenye alama 48. Kitabu kilitoka mwaka 1962. Hakuna shule iliyoifuata.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kutabasamu, kwa sababu kile alichokitamani Shaw sisi tunacho kwa kiasi kikubwa: mtoto akishazijua herufi anaweza kusoma neno asilowahi kuliona. Lakini tusijipongeze mno. Tahajia yetu ililingana na matamshi kwa sababu tulichagua kwanza ni matamshi ya nani yaandikwe. Msemaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa mpumuo wa sauti ya kwanza, na maandishi sanifu hayamwonyeshi tofauti hiyo. Alfabeti inayoandika kila sauti huanza kwa kuamua ni kinywa gani kitakuwa kipimo, na hilo ndilo swali ambalo wosia wa Shaw haukulijibu.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Shaw yanatuachia mafunzo mawili yasiyolingana. La kwanza ni la mcheshi aliyeonyesha kwamba ukuta baina ya matabaka umejengwa kwa hewa itokayo mapafuni, na kwamba mtu mwenye subira anaweza kuuvuka. La pili ni la mtengenezaji aliyeamini kwamba dawa ni kumfundisha kila Eliza sauti nyingine. Aliwacheka wanaopima, hakufika mahali pa kuwataka waache kupima.

Tukilirudia suala la Babati kwa mizani hiyo, jambo moja linajitokeza. Kiiraqw kina sauti mbili za koromeo zinazofanana na zile ambazo Waarabu huziandika kwa herufi ayn na hha, na ambazo maneno ya Kiarabu yalizipoteza yalipoingia katika Kiswahili. Sheikh wa pwani anayezitamka sauti hizo katika maneno ya Kiarabu huhesabiwa kuwa mwenye elimu. Mtoto wa Kiiraqw amezizoea tangu alipojifunza kusema, pamoja na vikwamizi vinavyopitisha hewa kando ya ulimi, ambavyo wengi wetu hatuviwezi hata tukifundishwa mwaka mzima. Lakini dalili ya sauti hizo ikisikika katika Kiswahili chake darasani, huchekwa kama mtu wa porini. Vivyo hivyo, Mrangi na Mmbugwe huja na irabu saba katika lugha yenye irabu tano, na wingi huo huitwa kasoro. Koo ni lilelile na hewa ni ileile; kilichobadilika ni nani anayesikiliza na anamdhania nani.

Hii haina maana kwamba Kiswahili sanifu kisifundishwe. Eliza alikuwa na haki ya kuitaka sauti iliyokuwa ikimfungia mlango, na mwanafunzi wa Manyara ana haki hiyohiyo. Maana yake ni kwamba mwalimu, mtahini na mtangazaji, ambao wengi wao wamepitia katika idara kama zetu, watenganishe kosa na lafudhi. Upatanisho wa kisarufi ukivunjika, usahihishwe. Neno likitumiwa visivyo, lielezwe. Lakini sauti inayoonyesha tu mtu alikozaliwa haihitaji kusahihishwa, na alama za mtihani wa mazungumzo zisikatwe kwa ajili yake. Ikiwa kuna utafiti unaowasubiri wanafunzi wetu wa shahada za juu, ni wa kwenda katika miji kama Babati na kuchunguza masikio kwa bidii ileile ambayo kwa karne nzima tumeitumia kuchunguza vinywa.